Je, dawa ya presha inaweza kuzuia uvimbe wa ubongo?

WATU wengi mijini humeza tembe za presha kila siku, na wengi wao hutumia amlodipini au nifedipini. Tembe hizi ni za kundi moja ambalo madaktari huliita dawa za kuzuia kalsiamu. Kazi yake inayojulikana ni kulegeza mishipa ya damu ili presha ishuke.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi wamekuwa wakizijaribu dawa za kundi hili kwa kazi nyingine kabisa. Wamezitia kwenye seli za uvimbe wa ubongo katika maabara, na mara nyingi wameona seli hizo zikipunguza kasi ya kuongezeka.

Habari hii ni ya kweli. Hata hivyo, habari ya kweli inayomfikia mtu nusu nusu inaweza kumdhuru. Familia iliyo na mgonjwa wa uvimbe wa ubongo inaweza kukimbilia duka la dawa kununua tembe za presha kwa matumaini. Naye mgonjwa wa presha aliyesikia uvumi wa zamani kwamba dawa hizi huleta saratani anaweza kuziacha, kisha akapatwa na kiharusi. Kwa sababu hiyo, wiki hii tutalichambua jambo hili hatua kwa hatua.

Kalsiamu si ya mifupa peke yake

Ukitaja kalsiamu, watu wengi hufikiria maziwa, omena, meno na mifupa. Ni kweli kwamba karibu kalsiamu yote ya mwili imo mifupani. Lakini kiasi kidogo kinachobaki kina kazi kubwa: hutumika kama tarishi wa kupeleka amri ndani ya seli, yaani zile chembechembe ndogo zinazojenga mwili.

Jambo hili lilianza kueleweka kutokana na bahati. Miaka ya 1882 na 1883, daktari wa London aitwaye Sydney Ringer alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kutiwa katika maji ya chumvi. Moyo uliendelea kupiga vizuri. Baadaye aligundua kwamba maji yaliyotumiwa yalikuwa ya mfereji, yenye madini ya kalsiamu. Alipotumia maji safi yasiyo na madini, moyo ulidhoofika na kusimama. Alipoongeza kalsiamu, ulianza kupiga tena.

Leo tunajua sababu. Nje ya seli kuna kalsiamu nyingi, na ndani ya seli iliyotulia kuna kidogo sana. Tofauti ni ya takriban mara 10,000. Kwenye ukuta wa seli kuna milango midogo mno. Mlango ukifunguka, kalsiamu huingia kwa kasi na kuwa ishara. Katika seli ya moyo, ishara hiyo husema: kaza. Katika ukuta wa mshipa wa damu, pia husema: kaza. Katika seli inayojiandaa kugawanyika, kalsiamu ni mojawapo ya ishara zinazosema: endelea, gawanyika.

Kumbuka sentensi hiyo ya mwisho, kwani ndiyo iliyowafanya watafiti waufikirie uvimbe wa ubongo.

Dawa hizi zilitoka wapi?

Katika miaka ya 1960, mtafiti Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, aliona kwamba dawa iitwayo verapamili iliufanya moyo ulegee kana kwamba umenyimwa kalsiamu. Akiongeza kalsiamu, nguvu ya moyo ilirudi. Aling'amua kwamba dawa hiyo huizuia kalsiamu isiingie kwenye seli.

Kutokana na ugunduzi huo lilipatikana kundi zima: verapamili na diltiazemu, ambazo huugusa sana moyo, nifedipini na amlodipini, ambazo hulegeza zaidi mishipa ya damu, na nimodipini, ambayo hupewa wagonjwa waliovuja damu juu ya ubongo baada ya mshipa uliovimba kupasuka.

Zingatia hapa jambo moja linalowachanganya wengi. Dawa hizi haziondoi kalsiamu mifupani wala katika damu. Hufunga mlango tu. Kwa hivyo, anayezimeza hana sababu ya kuacha maziwa au omena, na wala kula vyakula hivyo hakulishi uvimbe.

Uvimbe wa ubongo ni wa aina nyingi

Baadhi ya uvimbe huota kwenye utando unaoufunika ubongo. Huo huitwa meningioma, na mara nyingi si saratani. Hukua polepole, na daktari wa upasuaji akiweza kuutoa wote, mgonjwa wengi hupona. Shida hutokea pale ulipojificha mahali ambapo kisu hakifiki vizuri, au unaporudi baada ya kutolewa.

Aina nyingine ni glioma, inayotokana na seli zinazozitunza seli za neva. Glioma iliyo kali zaidi huitwa glioblastoma. Hii haina mpaka ulio wazi. Hutuma mizizi ndani ya ubongo wenyewe, kwa hivyo hata mpasuaji hodari huacha mabaki. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2005, uliowahusu wagonjwa 573, ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa miale peke yake waliishi kwa wastani miezi 12.1, na walioongezewa dawa ya temozolomidi waliishi miezi 14.6. Matibabu hayo mawili pamoja na upasuaji ndiyo yamekuwa msingi wa tiba tangu wakati huo.

Ukitazama takwimu hizo utaelewa kwa nini watafiti hawadharau dawa yoyote, hata kama ni tembe ya presha inayouzwa kwa bei nafuu.

Kilichoonekana maabara

Mwaka wa 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa seli za meningioma zilizotolewa kwa wagonjwa wakati wa upasuaji. Waliziotesha seli hizo katika sahani za maabara na kuzipa vichocheo vya ukuaji, ambavyo ni protini zinazoiamuru seli igawanyike. Seli ziliongezeka. Kisha wakatia dawa za kuzuia kalsiamu, zikiwemo verapamili, nifedipini na diltiazemu. Kasi ya kuongezeka ikashuka. Kadiri dawa ilivyozidishwa ndivyo ukuaji ulivyozidi kupungua.

Maana yake ni kwamba kichocheo kilibisha hodi, lakini ujumbe haukufika ndani kikamilifu kwa sababu tarishi, yaani kalsiamu, alizuiwa mlangoni.

Kuna njia nyingine ambayo dawa hizi zinaweza kusaidia. Seli nyingi za saratani zina pampu ukutani inayoitema nje dawa ya saratani kabla haijafanya kazi. Mwaka wa 1981 watafiti wa Japani wakiongozwa na Takashi Tsuruo walionyesha kwamba verapamili huizuia pampu hiyo. Seli za saratani ya damu ya panya, ambazo zilikuwa zimezoea dawa iitwayo vinkristini, zilianza tena kuuawa nayo. Pampu ya aina hiyo hiyo imo kwenye mishipa ya damu ya ubongo, na ni mojawapo ya sababu zinazofanya dawa nyingi zishindwe kuingia ubongoni.

Sahani ya maabara si mwili wa mtu

Msomaji atauliza: kama mambo ni hayo, kwa nini hospitali hazitumii verapamili kutibu uvimbe wa ubongo?

Jibu la kwanza ni kipimo. Ili kuzizuia seli katika sahani, watafiti mara nyingi hutumia kiasi cha verapamili ambacho ni zaidi ya mara kumi ya kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa anayemeza tembe zake sawasawa. Wakati mwingine hufika mara mia. Isitoshe, takriban asilimia 90 ya verapamili iliyo katika damu hushikwa na protini, na ni ile ndogo inayobaki huru ndiyo hufanya kazi.

Mtu hawezi kufikia kipimo cha maabara kwa kuongeza tembe. Kabla hajakikaribia, mapigo ya moyo wake yatapungua mno na presha yake itaporomoka. Hilo ndilo lililowakwamisha madaktari waliojaribu kutumia verapamili kuizuia ile pampu ya saratani kwa wagonjwa: moyo ulishindwa kustahimili kabla uvimbe haujashindwa. Kumeza tembe nyingi za kundi hili kwa mpigo ni sumu inayoua, na huwatatiza hata madaktari wa chumba cha wagonjwa mahututi.

Jibu la pili ni kwamba seli iliyo peke yake katika sahani ni tofauti na uvimbe ulio ndani ya ubongo. Uvimbe una mishipa yake ya damu, una seli za aina nyingi zisizofanana, na una njia nyingi za kupokea ishara ya kukua. Ukifunga mlango mmoja, seli nyingine hupitia dirishani.

Jibu la tatu ni matokeo ya kuwajaribu binadamu. Watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa wachache, ambao meningioma zao zilikuwa zimeshindikana kwa matibabu mengine, verapamili pamoja na dawa ya hidroksiyurea. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016. Uvimbe haukunywea. Kwa wengine ulisimama kwa muda, kisha ukaendelea kukua. Hapo ndipo tofauti kati ya sahani na mgonjwa inapoonekana wazi.

Mlango mwingine

Utafiti haukufia hapo. Milango ya kalsiamu si ya aina moja. Ule ambao amlodipini na nifedipini huufunga zaidi huitwa aina ya L. Kuna mwingine, aina ya T, ambao hufunguka kwa urahisi zaidi, na ambao umepatikana kwa wingi katika seli za glioblastoma. Mlango huu huisaidia seli kuvuka hatua ya kuelekea kugawanyika.

Dawa inayoufunga mlango wa aina ya T huitwa mibefradili. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1997 kama dawa ya presha na maumivu ya moyo, lakini mwezi wa Juni 1998 iliondolewa sokoni. Ilikuwa ikilizuia ini kuvunja dawa nyingine nyingi, na wagonjwa waliochanganya dawa wakapatwa na madhara makubwa.

Baada ya miaka mingi, watafiti wa saratani waliifufua kwa mpango tofauti. Mgonjwa wa glioma iliyorudi alipewa mibefradili kwa siku chache, chini ya uangalizi mkali, ili seli zisimamishwe katika hatua moja. Kisha dawa hiyo ilikomeshwa, na mara temozolomidi ikafuata wakati seli nyingi zinajaribu kugawanyika kwa pamoja. Jaribio la kwanza la namna hiyo, la wagonjwa 27, lilichapishwa mwaka wa 2017. Lengo lake kuu lilikuwa kuona kama mpango huo ni salama, na ilionekana unaweza kuvumilika. Uvimbe wa wagonjwa wachache uliitikia. Hata hivyo, jaribio dogo kama hilo haliwezi kuthibitisha kwamba dawa huongeza maisha, na mibefradili haijaingia katika matibabu ya kawaida ya uvimbe wa ubongo.

Kuna ugunduzi mwingine unaostahili kutajwa. Mwaka wa 2019 watafiti wa Stanford nchini Marekani na wa Heidelberg nchini Ujerumani walionyesha kwamba seli za neva huungana na seli za glioma kama zinavyoungana zenyewe kwa zenyewe. Neva zikituma umeme, kalsiamu hupanda ndani ya seli za uvimbe na kuzihimiza kukua na kusambaa. Hapa napo kalsiamu ndiye tarishi. Lakini katika viungo hivyo, ishara hupokelewa kupitia milango inayofunguliwa na kemikali iitwayo glutamati. Amlodipini haina ufunguo wa milango hiyo.

Kwa hivyo, wazo la kuizuia kalsiamu katika uvimbe lina msingi imara. Kinachokosekana ni dawa inayofunga mlango unaofaa, katika seli zinazofaa, bila kuusimamisha moyo wa mgonjwa.

Na ile hofu ya saratani?

Mwezi wa Agosti 1996, jarida la madaktari The Lancet lilichapisha uchunguzi wa wazee wa Marekani zaidi ya 5,000, wenye umri wa miaka 71 na kuendelea. Wale waliotumia dawa za kuzuia kalsiamu walionekana kupata saratani zaidi kuliko wenzao. Hofu ilienea, na uvumi wake unasikika hata leo katika vyumba vya kungojea daktari.

Lakini uchunguzi huo uliwatazama tu watu waliokuwa tayari wakitumia dawa mbalimbali; haukuwagawa kwa kura. Mwaka wa 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ALLHAT. Watu 33,357 wenye presha waligawanywa kwa kura katika makundi, moja likipewa amlodipini, na wakafuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Saratani haikuzidi kwa waliopewa amlodipini.

Tazama basi: dawa hiyo hiyo imewahi kuogopwa kwamba huleta saratani, na kusifiwa kwamba huzuia uvimbe. Utafiti mdogo hutoa swali. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa binadamu ndio hutoa jibu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, ikiwa unatumia amlodipini au nifedipini kwa sababu ya presha, endelea kuitumia kama ulivyoagizwa. Presha isiyotibiwa huharibu ubongo kwa njia ambayo haina ubishi, nayo ni kiharusi.

Pili, usiongeze tembe kwa matumaini ya kujikinga na uvimbe, na usimpe mgonjwa wa uvimbe tembe zako. Huenda presha yake ni ya kawaida, na kuishusha ghafla kunaweza kuunyima ubongo wake damu.

Tatu, dawa hizi, hasa nifedipini, zinaweza kuleta maumivu ya kichwa na kuvimba vifundo vya miguu, zaidi katika wiki za kwanza. Maumivu hayo hayamaanishi kwamba una uvimbe kichwani. Mwambie daktari, anaweza kubadilisha kipimo au dawa. Tembe zilizotengenezwa kufanya kazi polepole zimezwe nzima. Usizitafune wala kuziponda.

Nne, dalili hizi zisipuuzwe: maumivu mapya ya kichwa yanayozidi siku hata siku, hasa asubuhi pamoja na kutapika, kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hajawahi kuwa nacho, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kutoona vizuri, au mabadiliko ya tabia ambayo jamaa hawawezi kuyaeleza. Mtu kama huyo asipelekwe kwa mganga wa kupunga mapepo. Apelekwe hospitali yenye mashine ya skani. Akidhoofika ghafla upande mmoja, apelekwe saa iyo hiyo, kwani huenda ni kiharusi.

Tano, mgonjwa wa uvimbe wa ubongo ambaye pia ana presha amwonyeshe kila daktari dawa zake zote. Wengi hupewa dawa za kuzuia kifafa, kama vile fenitoini, fenobarbitoni au karbamazepini. Hizi hulifanya ini livunje haraka dawa za kuzuia kalsiamu, na presha ikapanda. Verapamili nayo huongeza karbamazepini katika damu hadi mgonjwa akapepesuka na kuona vitu viwili viwili. Deksamethasoni, inayotolewa kupunguza maji yanayouzunguka uvimbe, hupandisha presha na sukari. Tunda la balungi nalo huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za kundi hili, kama nifedipini.

Sita, ukiambiwa kuna dawa mpya ya uvimbe wa ubongo, uliza maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Imejaribiwa kwa binadamu, au kwa seli na panya tu? Wagonjwa walikuwa wangapi, na waligawanywa kwa kura? Je, waliishi muda mrefu zaidi kuliko wale ambao hawakuipata? Daktari wa saratani hatakasirika ukimuuliza hivyo. Anayekuuzia dawa kwa siri ndiye atakayekasirika.

Utafiti wa milango ya kalsiamu unaendelea, na siku moja huenda ukamfaa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo. Kwa sasa matumaini yake yamo katika skani ya mapema, mikononi mwa daktari wa upasuaji wa ubongo, na katika miale na dawa ambazo zimeshapimwa kwa binadamu. Na wewe mwenye presha, tembe yako ya leo imeze saa yake, kwa kazi yake.